Misafara ya chai na farasi: anza na mzigo, ramani itafuata

"Habari za kazi, Mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari. Klabu yetu ya historia imechagua mada ya njia za kale za misafara kati ya China na Tibet, na nimepewa vipindi vitatu vya dakika 40. Wiki iliyopita nilianza kwa kuchora Njia ya Hariri ubaoni, na ngamia wake. Mwanafunzi mmoja akauliza: kama Tibet chai haioti, watu wa huko waliishije kabla ya kuipata? Mwingine akataka kujua kama Tibet ilikuwa sehemu ya China au la. Wa tatu akasema haya si ndiyo mambo ya yule twiga wa Malindi aliyepelekwa China? Nikabaki nimeshika chaki. Sina projekta, intaneti ni ya simu yangu, na naogopa kufundisha kitu ambacho mwenyewe sijakielewa. Nianzie wapi?"

Mwalimu, pole na hongera kwa pamoja. Darasa linalotoa maswali matatu ya namna hiyo katika kipindi kimoja halijalala. Nikikusoma vizuri, tatizo lako si uhaba wa habari, kwa sababu habari za China zimejaa kwenye simu yako. Unachokosa ni kamba ya kuzifungia, ndiyo maana ulikimbilia ramani. Hata mimi nilipoifundisha mada hii mara ya kwanza nilichora mstari mmoja mwekundu hadi Lhasa, mji mkuu wa Tibet, nikarudi nyuma kuutazama kwa fahari, mpaka binti mmoja wa dawati la mwisho akauliza: "Na wakati wa kurudi walibeba nini?" Sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo naanza na mzigo. Nani alikuwa na kitu gani, mwenzake alipungukiwa nini, na ni mgongo wa nani uliobeba. Ukishika hayo matatu, hata miji ya kuweka kwenye ramani utaijua.

Ngamia uwafute. Ngamia ni wa kaskazini, wa majangwa ya kuelekea Asia ya Kati. Mada yenu iko kwenye milima ya Yunnan na Sichuan, mahali ambapo mito ya Yangtze, Mekong na Salween inateremka sambamba ndani ya makorongo. Msafiri wa kwenda magharibi anapanda mlima, anashuka mpaka mtoni, anavuka, halafu anaanza kupanda tena. Kwingine hapakuwa na daraja: mtu na mnyama wake walifungwa kwenye kamba iliyovutwa toka ng'ambo hadi ng'ambo, wakateleza juu ya maji. Waliobeba huko ni yaki (ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu), farasi wadogo wa milimani, binadamu, na nyumbu.

Hapo kwenye nyumbu simama kidogo. Kwa wanafunzi wako nyumbu ni yule wa Serengeti. Usipowaambia mapema kwamba huyu ni baghala, mtoto wa punda na farasi, utasahihisha madaftari yenye nyumbu wa Serengeti wanaovuka Mekong na vifurushi vya chai mgongoni. Yamenikuta.

Majina ya njia hizi nayo yanapotosha. "Njia ya Hariri" ilienezwa na mwanajiografia Mjerumani, Ferdinand von Richthofen, mwaka 1877. "Njia ya Kale ya Chai na Farasi", kwa Kichina Chama Gudao, ni jina changa zaidi: lilitungwa na watafiti wa Yunnan walioitembea njia hiyo mwaka 1990. Mwenye nyumbu wa miaka 300 iliyopita hakujua kwamba yuko kwenye njia yenye jina hilo; alijua anakwenda Lijiang, au Lhasa. Na njia yenyewe si moja. Ile ya Sichuan ilianzia Ya'an ikapanda hadi Kangding, mji ambao Watibeti huuita Dartsedo, kisha Chamdo na Lhasa. Ile ya Yunnan ilitoka kwenye misitu ya chai ya kusini, pande za Pu'er na Xishuangbanna, ikapita Dali, Shaxi, Lijiang na Deqin. Ya tatu, ambayo wengi huisahau, ilielekea kaskazini-magharibi kwenye malisho ya Gansu na Qinghai, na ndiyo iliyoleta farasi wengi wa vita.

Kwa nini farasi? Nasaba ya Song, iliyotawala tangu 960 hadi 1279, ilikuwa na utajiri mkubwa lakini haikuwa na malisho. Ardhi yake nzuri ilikuwa chini ya jembe. Nyika za kaskazini zinazofaa kufugia farasi zilishikwa na Wakhitan na Watangut, na hao ndio waliokuwa maadui zake. Adui anakuja juu ya farasi, wewe unamsubiri kwa miguu. Jirani mwenye farasi wazuri na asiyekuwa adui mkubwa alikuwa mfugaji wa nyanda za Watibeti. Basi mwaka 1074 serikali ikaunda idara maalumu ya chai na farasi huko Sichuan. Mkulima alilazimika kuiuzia serikali chai yake kwa bei iliyopangwa, na maofisa wakaitumia kupata farasi. Kama una watoto wa wakulima wa korosho au pamba darasani, eneo hili utalimaliza kwa dakika tano. Watakueleza wao mkulima alijisikiaje.

Sasa swali la mwanafunzi wako wa kwanza, ambalo lina akili kuliko majibu mengi yaliyochapishwa. Kabla ya chai Watibeti waliishi, tena vizuri tu, kwa shayiri, nyama, maziwa na siagi ya yaki. Ile dhana kwamba Mtibeti asipopata chai huugua na kufa waliishika sana maofisa wa nasaba ya baadaye ya China, Ming, na ilikuwa na faida kwao. Ukiamini kwamba jirani hawezi kuishi bila bidhaa yako, utaamini pia kwamba unaweza kumshika shati kwa kuifunga ghalani. Wanafunzi wasiichukue kama ukweli wa kitabibu.

Kilichotokea ni kwamba chai ilikuta mahali pake. Mchai hauvumilii baridi ya nyanda za juu, kwa hiyo ni lazima itoke mbali. Lhasa iko mita zipatazo 3,650 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho maji yanachemka yakiwa nyuzi 88 hivi, si 100. Chai iliyoshindiliwa matofali inamegwa, inachemshwa muda mrefu mpaka inakuwa nyeusi, halafu inasukwasukwa pamoja na siagi na chumvi ndani ya chombo kirefu cha mbao. Unga wa shayiri iliyokaangwa, tsampa, unakandwa kwa chai hiyo hiyo ukawa chakula. Mtu aliye kwenye baridi kali amepata maji ya moto, mafuta na chumvi kwa kikombe kimoja. Ongeza nyumba za watawa, ambako mamia ya watu walinywa pamoja wakati wa ibada, utaona kwa nini soko lilikua. Ni mazoea yaliyogeuka hitaji. Sisi tuna sukari.

Utakutana pia na hadithi kwamba chai ililetwa Tibet na Wencheng, binti wa ukoo wa kifalme wa Tang, nasaba ya China iliyotangulia Song, aliyepelekwa mwaka 641 kuolewa kwenye ufalme wa Songtsen Gampo, mfalme wa Tibet. Ni hadithi tamu na Watibeti wenyewe huisimulia. Ifundishe kama hadithi, kisha uwape hili: kwenye makaburi ya Gurgyam, huko Ngari, magharibi kabisa mwa Tibet, wanaakiolojia wamekuta mabaki ya chai ya miaka ipatayo 1,800 iliyopita. Bibi harusi alichelewa kwa karne nne. Hakuna somo fupi kuliko hilo la kuonyesha tofauti ya simulizi na ushahidi.

Kipindi cha pili ningekitumia chote kwenye bei. Mwaka 1389 serikali ya Ming ilipanga huko Ya'an kwamba farasi bora atalipwa jin 120 za chai, wa kati 70, na mwanafarasi 50. Jin moja ya wakati huo ilikaribia gramu 600, kwa hiyo farasi wa daraja la kwanza, mnyama wa vita, alikwenda kwa kilo 70 hivi za majani. Waulize wanafunzi: ninyi mngeuza? Wenye farasi nao walijiuliza hivyo hivyo. Wafanyabiashara wa magendo walipita vichochoroni wakitoa chai nyingi zaidi kwa farasi mmoja, na farasi wazuri wakaanza kutoonekana kwenye vituo vya serikali.

Mfalme Hongwu wa Ming hakuwa mtu wa mzaha. Mwaka 1397 iligundulika kwamba mkwewe mwenyewe, Ouyang Lun, mume wa binti yake Anqing, alikuwa akitumia cheo chake kuvusha chai kwa magendo. Aliuawa kwa amri ya baba mkwe. Ukiliambia darasa kwamba mkwe wa mfalme aliponzwa na chai watacheka, maana kwetu neno hilo lina maana ya pili. Waache wacheke. Halafu ligawe darasa makundi matatu: wenye farasi, maofisa wasioruhusiwa kupandisha bei, na wafanya magendo walioruhusiwa kutoa chochote. Tumia punje za mahindi badala ya chai. Ndani ya dakika kumi maofisa wako hawatakuwa na farasi hata mmoja, na mmoja wao atanyoosha mkono kuomba askari. Amefika pale pale alipofika Hongwu.

Kipindi cha tatu kiwe cha wabebaji, na hapa nakuomba usiharakishe, kwa sababu ndipo historia hii inapopata sura za watu. Kati ya Ya'an na Kangding sehemu kubwa ya chai haikupanda mnyama. Ilipanda mgongo wa mtu. Tarehe 30 Julai 1908 Mwingereza Ernest Wilson, mtafiti wa mimea, alipiga picha ya wanaume wawili waliobeba chai ya kwenda Tibet. Aliandika uzito wa mizigo yao: ratili 317 mmoja, 298 mwingine. Yaani kama kilo 144 na 135. Mfuko wa saruji una kilo 50. Mtu yule alibeba karibu mifuko mitatu, akatembea kilomita kumi hivi kwa siku, kwenye njia ambayo Wilson aliilaani kwa ubovu. Hiyo ilikuwa mizigo mikubwa kupita ya kawaida, lakini ya kawaida nayo ilikuwa mizito, na wabebaji walikuwamo wanawake na vijana.

Waonyeshe jinsi walivyopumzika. Kila baada ya hatua kadhaa mpagazi alisimama, akauegemeza mzigo kwenye fimbo fupi yenye umbo la T iliyokuwa mkononi, akavuta pumzi akiwa wima. Hakuutua, kwa sababu ukishautua mzigo wa namna hiyo huwezi kuuinua peke yako. Ncha ya chuma ya fimbo iligonga mawe yale yale ya njia, mtu baada ya mtu, kizazi baada ya kizazi, na mawe mengine yana vishimo hadi leo. Chukua ufagio na begi la madaftari, mwite mwanafunzi mmoja mbele, mwambie apumzike bila kutua. Begi la madaftari linatosha. Usimbebeshe mtoto saruji.

Kangding wapagazi walilipwa na mzigo ukabadilisha vazi. Chai ilitolewa kwenye vikapu virefu vya mianzi, ikafungwa ndani ya ngozi mbichi ya yaki na kushonwa. Ngozi ikikauka inabana kama chuma, haipiti mvua wala theluji. Kazi hiyo ilifanyika kwenye nyumba za kulala wageni ambazo wenyeji wake, mara nyingi wanawake, walikuwa madalali pia: walimpa mfanyabiashara wa Kitibeti chumba, wakamtunzia mali, wakamtafutia mnunuzi, wakatafsiri. Toka hapo yaki walichukua zamu kwa safari ya miezi. Na sasa naweza kumjibu yule binti wa dawati la mwisho: walirudi na farasi, sufu, ngozi, miski, dawa za mitishamba na dhahabu.

Utashawishika kulinganisha na misafara yetu ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Linganisha, kwa sababu watoto wanayo tayari maneno ya kazi hii: mpagazi, kirongozi, mnyapara, posho, hongo ya kupita kwa mtemi. Lakini uwe mwangalifu mahali pawili. Kwetu mbung'o waliua wanyama wa mizigo, ndiyo sababu kubwa ya pembe kusafiri kichwani na begani, kwa mizigo ya frasila mbili hivi, kilo 30 na kitu. Sichuan wanyama walikuwepo, ila milima ilikuwa mikali na mtu maskini alikuwa rahisi kuliko nyumbu. La pili ni zito zaidi. Kwenye misafara yetu mlikuwamo watumwa, wengine wakiwa wenyewe ndio bidhaa. Biashara ya chai ilikuwa na unyonyaji wake, lakini si jambo lile lile, na mwanafunzi asitoke darasani akidhani ni hadithi moja yenye nguo mbili.

Jambo moja la kuweka sawa kabla sijaingia kwenye siasa: farasi walitoka mapema, chai ikaendelea. Nasaba ya Qing, iliyofuata Ming, ilikuwa na malisho ya nyika mikononi mwake, haikuhitaji tena kubembeleza farasi kwa chai, na mwaka 1735 mfumo wa serikali wa kubadilishana ukafungwa. Misafara haikufungwa. Iliendelea chini ya wafanyabiashara binafsi, na wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wajapani walipoikata mwaka 1942 barabara ya Burma iliyoingiza mizigo China, njia ya Lijiang hadi Lhasa na kushuka Kalimpong, India, ilifurika nyumbu kuliko zamani. Malori ndiyo yaliyoimaliza: mwezi Desemba 1954 barabara mbili za magari, kutoka Sichuan na kutoka Qinghai, ziliingia Lhasa.

Je, Tibet ilikuwa China? Usijibu ndiyo wala hapana. Jibu kwa kuuliza: mwaka gani? Wakati wa Tang, Tibet ilikuwa dola kamili. Mwaka 763 jeshi lake liliingia mji mkuu wa Tang, Chang'an, na mkataba wa amani wa 821 na 822 umechongwa kwa lugha zote mbili kwenye nguzo ya mawe iliyoko Lhasa mpaka sasa. Wakati wa Song, Tibet ilikuwa imegawanyika na Song haikuitawala. Wamongolia walizishika zote mbili. Ming waligawa vyeo na ruhusa za biashara kwa viongozi wa dini, na maana ya vyeo hivyo wanahistoria wanaigombania bado. Qing walipeleka jeshi Lhasa mwaka 1720 na baadaye wakaweka wawakilishi wao. Tangu 1951 Tibet iko chini ya Jamhuri ya Watu wa China, na Watibeti walioko uhamishoni wanaisimulia historia hiyo kwa namna nyingine kabisa. Weka mwaka mbele ya kila sentensi na utakuwa umewatendea haki wote. Kama mkuu wa shule au mzazi ana wasiwasi na eneo hili, nenda mkazungumze ana kwa ana kabla ya kipindi; mambo haya hayafai kumalizwa kwa ujumbe wa simu.

Twiga wa Malindi ni kweli, alifika kwa mfalme wa Ming mwaka 1415, ila alikwenda kwa bahari. Nasaba moja, mlango mwingine. Mpe mwanafunzi huyo kazi ya kupanga 1389, 1397 na 1415 kwenye mstari mmoja. Atagundua mwenyewe kwamba serikali iliyoua watu kwa vifurushi vya chai mpakani ndiyo iliyopokea mnyama wa pwani yetu. Kisha mwonyeshe kwamba ana kipande cha misafara mdomoni kila asubuhi. Wachina husema cha, Watibeti ja. Ile "i" ya mwisho kwenye chai yetu ilipatikana kwa Waajemi, waliolipokea neno kwa njia ya nchi kavu. Waingereza na Wafaransa, waliochukua neno la pwani ya Fujian kupitia merikebu za Waholanzi, wakabaki na lao linaloanza na "t".

Kuhusu msaada: matamshi ya majina ya Kichina kajifunze kwa mtu, si kwa simu. Vyuo vikuu kadhaa vya kwetu vina Taasisi ya Confucius, kituo cha lugha ya Kichina kinachosaidiwa na China, na walimu wake watakusaidia kwa saa moja tu. Kwa historia ya Tibet usitegemee mdomo mmoja, wao wala wapinzani wao. Mtafute mhadhiri wa historia ya Asia, umpelekee maandalio yako ya somo ayasome.

Na ukibakiwa na dakika kumi mwisho wa kipindi cha tatu, pikeni. Majani ya kawaida ya dukani yanafaa. Chai ya mashamba ya Kericho nyingi ni ya jamii ile ile ya majani mapana inayoota Yunnan. Chemsha mpaka iwe nyeusi, tia chumvi kidogo na siagi, sukari isikaribie. Ukikoroga kwa kijiko siagi itaelea juu na hakuna atakayekunywa. Kama darasani kuna mtoto wa wafugaji, mwombe alete kibuyu cha kusukia maziwa, chai ipoe kidogo ndiyo uimimine, halafu mwachie yeye kazi. Ataisuka kama alivyomwona bibi yake akifanya.